UZI: Wastani wa mishahara ya wachezaji ligi za ulaya na Marekani, na hesabu ya mafungu ya chombo

Maalim wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wenzangu.

Naufungua uzi huu kwa sababu ya neno lililoninyima usingizi. Juzi baada ya isha, kwenye baraza letu hapa Langoni, Lamu, vijana walikuwa wakipokezana simu yenye orodha ya ligi zinazolipa zaidi duniani. Ligi hii wastani dola kadha, ile kadha. Beki wangu wa kushoto, miaka 17, kidato cha 3, akanigeukia: "Maalim, hata nikiwa mchezaji wa kawaida tu kule, wastani naupata." Wiki hii hajaonekana shule siku tatu.

Mimi nafundisha hesabu, na jioni nashika timu ya vijana. Tena kwa miaka 11 nimekuwa nikiandika daftari la mashua aliyotuachia baba. Ile orodha naijua, na tarakimu zake nyingi si za uongo. Lililoniuma ni lile neno wastani na namna mtoto alivyolisikia. Kwa hivyo nianze na samaki kabla ya mpira.

Siku moja mashua ilirudi na samaki wa shilingi 48,000. Tukatoa mafuta, barafu, chambo na chakula, jumla 12,000. Zikabaki 36,000. Kwetu tunagawa mafungu 12: chombo na nyavu mafungu 3, nahodha mafungu 2, mabaharia 7 kila mmoja fungu lake. Fungu likawa 3,000. Sasa mtu wa nje akitaka wastani wa mvuvi wa mashua hii, atachukua 27,000 za nahodha na mabaharia, atagawa kwa watu 8, atapata 3,375. Hakuna mtu hata mmoja kwenye mashua ile aliyeshika 3,375 mkononi. Saba walishika pungufu, mmoja alishika 6,000. Na ukimtia mwenye chombo kwenye hesabu, wastani unapanda hadi 4,000, na baharia hajaongezewa hata senti.

Haya, twende Marekani.

NFL, ile kandanda yao ya kofia ngumu, ndiyo ligi yenye pesa nyingi kuliko zote, zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, inaingiza karibu nusu ya hizo. Lakini kwenye orodha ya wastani NBA iko juu kabisa na NFL iko mbali chini yake. Vijana waliliona hilo wakadhani wameona kosa. Si kosa. Timu ya NBA ina wachezaji 15 wa mkataba kamili. Timu ya NFL ina 53. Msimu wa 2024-25 ukomo wa mishahara wa NBA, yaani jumla ya juu ya kulipa wachezaji wote, ulikuwa dola milioni 140.588 kwa timu. Gawa kwa 15, unapata kama milioni 9.37. NFL mwaka 2024 ukomo ulikuwa milioni 255.4. Gawa kwa 53, kama milioni 4.82. Chombo kikubwa zaidi, samaki wengi zaidi, lakini mabaharia wamejaa hadi tezini.

(Ukomo wa NBA unaruhusu timu kuupita kwa njia kadhaa, kwa hivyo wastani wao halisi uko juu zaidi ya hapo. Nimetumia ukomo ili vijana waone jinsi kugawa kunavyofanya kazi.)

Hoki ya barafuni, NHL, msimu huohuo: ukomo milioni 88, wachezaji 23, inakuja kama milioni 3.83.

Sasa geuza upande wa pili, uhesabu kwa mechi. NFL wanacheza mechi 17 za msimu wa kawaida, basi ile milioni 4.82 ni kama dola 283,000 kwa mechi. NBA mechi 82, kama 114,000. Hoki nao msimu huo 82, kama 46,700. Wa kwanza kwa mwaka amekuwa wa pili kwa mechi. Ndiyo maana mtu akiniambia ligi fulani inalipa zaidi, namuuliza: kwa nani, na kwa kipimo gani?

Besiboli nitairudia, maana humo ndimo kuna somo lenyewe.

---

Kijana wa Wiyoni

Maalim shikamoo. Nimekufuata vizuri kwenye mashua. Lakini sisi hapa hatuchezi besiboli wala hoki. Mbona EPL, Ligi Kuu ya Uingereza, hujaigusa? Kila mtu anasema pauni 60,000 kwa wiki ni kawaida kule.

---

Maalim wa Langoni

Marahaba mwanangu. Sikuigusa kwa sababu daftari lake halifunguliwi kama la Marekani.

NBA, besiboli na hoki, mishahara ya wachezaji inajulikana mmoja mmoja. MLS, ligi ya mpira ya Marekani, chama cha wachezaji wenyewe hutoa orodha hadharani. Ndiyo tukajua Messi pale Inter Miami mwaka 2025 alikuwa kwenye dola milioni 20.4 kwa mwaka. Uingereza klabu hutoa hesabu za mwaka zenye jumla ya mishahara, na ndani ya jumla hiyo mmo mchezaji, daktari, mpishi, mkata nyasi na karani wa tiketi. Magazeti yanakadiria kutoka hapo. Kwa hivyo 60,000 ni makisio ya watu wenye uzoefu, tena ni kabla ya kodi. Kule anayepita pauni 125,140 kwa mwaka anakatwa asilimia 45 ya kila pauni inayozidi hapo. Ukisikia 60,000, usiione yote mfukoni mwake.

Lakini hebu nikueleze walikotoka, maana wengi wanadhani wachezaji wa Uingereza walizaliwa matajiri. Hadi 1961 kulikuwa na sheria kwamba mchezaji hawezi kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata akiwa nani. Chama chao, kikiongozwa na Jimmy Hill, kikatishia mgomo, na ukomo ukaondolewa. Mwaka huohuo Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Kisha Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikaamua kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman: mkataba ukiisha, mchezaji anaondoka bure bila klabu yake kudai ada. Pesa ambayo zamani klabu moja iliilipa klabu nyingine ikaanza kuingia kwenye mshahara wa mchezaji.

Halafu televisheni. Ligi Kuu ya Uingereza hugawa nusu ya pesa za televisheni za nchini sawa kwa sawa kwa timu zote 20, na inayobaki inafuata nafasi uliyomaliza na mara ulizoonyeshwa. Hata anayeshika mkia huondoka na zaidi ya pauni milioni 100 kwa msimu. Ukiuliza kwa nini mchezaji wa timu ya mwisho kule anawashinda kwa mshahara wachezaji wengi wa Ufaransa, jibu liko kwenye ugawaji huo.

---

Nahodha Mstaafu

Maalim, mimi si mtu wa mpira sana, lakini habari ya mafungu naijua. Nauliza mawili. La kwanza, hao wachezaji fungu lao ni kiasi gani katika pato lote? Maana hesabu uliyotoa ni ya mtu na mtu, hukusema chombo kimechukua ngapi. La pili, kusi ikivuma sisi tunakaa bara miezi, hakuna cha kugawa. Wao mtu akivunjika mguu analipwa?

---

Maalim wa Langoni

Ami, maswali yako yote mawili ndiyo niliyotaka vijana wayaulize wao.

Fungu kwanza. NBA wana makubaliano ya maandishi kwamba wachezaji wanapata takriban asilimia 51 ya mapato yanayotokana na mchezo. NFL si chini ya asilimia 48. Hoki nusu kwa nusu. Tena NBA kila mshahara hukatwa asilimia 10 ikawekwa kando hadi mwisho wa msimu. Ikionekana wachezaji wamezidi fungu lao, zile zinarudi kwa wenye timu, na ikionekana wamepungukiwa wanaongezwa. Ami, hii ni hesabu yetu ya mwisho wa bamvua kabisa, pale unapomwambia baharia ulichukua mkono mbele, sasa tuwekane sawa.

Kwa hivyo mshahara wa NBA haukupanda kwa sababu wachezaji wa leo wanaruka juu kuliko wa zamani. Ulipanda kwa sababu fungu limeandikwa. Pato likikua, ukomo unakua. Mkataba mpya wa televisheni ulioanza msimu wa 2025-26 ni wa miaka 11 na unakaribia dola bilioni 77, na msimu huo ukomo ulifika milioni 154.647.

Besiboli hawana fungu lililoandikwa, wala hawana ukomo. Uingereza nako hakuna asilimia yoyote iliyokubaliwa kuwa fungu la wachezaji. Kila klabu na nguvu zake.

La pili, kuvunjika. NBA na besiboli mikataba mingi imedhaminiwa: umeumia, umeshuka kiwango, timu inakulipa hadi mwisho. NFL ndiko kwenye mchezo wa kuumizana kuliko yote, na ndiko sehemu kubwa ya mikataba haijadhaminiwa. Ukisoma "miaka 5, dola milioni 100," tafuta neno udhamini uone ni ngapi kati ya hizo. Zisizodhaminiwa, timu ikikukata asubuhi, zimekwenda. Na maisha ya uwanjani kule kwa wastani ni kama miaka 3 na kidogo. Kijana wa miaka 22 anaingia, kufika 26 wengi wameshatoka na magoti yasiyopanda ngazi.

---

Nahodha Mstaafu

Basi chombo kinachukua nusu. Sisi chombo kinachukua robo na watu wananung'unika.

---

Maalim wa Langoni

Ni kweli Ami, lakini ile nusu ya wenye timu ndiyo inayolipa uwanja, safari na makocha. Sisi mafuta na barafu tunayatoa kabla ya kugawa. Ukitoa kwetu kabla, mlinganisho unasogea kidogo. Hata hivyo hoja yako inasimama.

Sasa besiboli, niliyoahidi.

Msimu wa 2025 ulipoanza, wastani wa mshahara wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ulipita dola milioni 5 kwa mara ya kwanza, ukawa kama milioni 5.16. Ndiyo tarakimu iliyokuwa kwenye simu ya vijana. Wapange wachezaji wote mstari mmoja, wa mshahara mdogo huku na wa mkubwa kule, kisha umguse bega aliye katikati kabisa. Yeye anapata milioni 1.35. Yaani nusu nzima ya ligi iko chini ya hapo, na wastani umepaa karibu mara nne yake. Tena yule wa katikati alikuwa ameshuka: mwaka 2024 alikuwa kwenye milioni 1.5. Wastani ukapanda, mtu wa katikati akateremka, katika ligi ileile, mwaka uleule.

Imekuwaje? Tazama juu ya mstari. Juan Soto alisaini na New York Mets Desemba 2024, miaka 15, dola milioni 765. Ni milioni 51 kwa mwaka. Yeye mmoja ana mshahara wa watu wa katikati karibu 38. (Shohei Ohtani wa Dodgers ana milioni 700 kwa miaka 10, lakini alikubali kuchukua milioni 2 tu kwa mwaka na zile 680 alipwe kuanzia 2034 hadi 2043. Ukimtia kwenye wastani, utamwandika ngapi? Wenye orodha wenyewe wanatofautiana hapo.)

Chini ya mstari kuna kima cha chini, dola 760,000 kwa 2025. Kwetu ni kama shilingi milioni 98, pesa nyingi mno, silikatai. Lakini wangapi wanafika mstarini? Chini ya MLB kuna ngazi kadhaa za ligi ndogo zenye maelfu ya vijana, na hawahesabiwi kwenye wastani ule hata mmoja. Ngazi ya juu kabisa ya hizo, hatua moja tu kutoka juu, mwaka 2022 ilikuwa ikilipa kama dola 17,500 kwa mwaka. Ilibidi wajiunge na chama cha wachezaji ndipo 2023 ikafika 35,800. Ngazi ya chini zaidi iitwayo Single-A ilikuwa 11,000, ikawa 26,200. Kwa maisha ya Marekani hiyo ni pesa ya kubana sana.

Beki wangu anapousikia wastani, anajiona ndani ya mstari. Wastani haujui habari ya waliobaki mlangoni.

---

Dada wa Barani, Malindi

Maalim, salaam kutoka Malindi. Nafundisha wasichana mpira wa kikapu, na wao pia wana simu. Mmoja aliniuliza kwa nini kwenye orodha WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, iko chini kabisa, wakati ni mpira uleule na viwanja ni vilevile. Nikamwambia watazamaji ni wachache. Jibu hilo halikuniridhisha mimi mwenyewe.

---

Maalim wa Langoni

Wa alaykumus salaam dada yangu. Na halikupaswa kukuridhisha, maana ni nusu ya jibu.

Mwaka 2024 Caitlin Clark alichaguliwa wa kwanza WNBA, akajaza viwanja kila alikokwenda. Mshahara wake wa mwaka wa kwanza: dola 76,535. Aliyechaguliwa wa kwanza NBA mwaka huohuo, Mfaransa Zaccharie Risacher, alipata zaidi ya milioni 12. Pato la NBA ni kubwa mara nyingi, ndiyo, na mechi zao ni mara mbili. Lakini hata ukipunguza hayo yote, fungu halilingani. Wanaume wana karibu nusu ya pato kwa maandishi. Wanawake, kwa mkataba waliokuwa nao, fungu lao lilikuwa dogo zaidi sana kwa asilimia, na mshahara wa mwanzo ulikuwa umefungwa kabla mchezaji hajagusa mpira, hata akileta watu elfu 20. Ndiyo maana Oktoba 2024 chama chao kiliamua kuuvunja mkataba mapema, na Julai 2025 kwenye mechi ya nyota walivaa fulana zinazosema walipwe wanachodai. Hawakuwa wakiomba walipwe sawa na wanaume shilingi kwa shilingi. Walikuwa wakiomba fungu.

Mwambie binti huyo aulize hivyo: pato ni ngapi, na fungu letu ni ngapi? Ni swali la hesabu, na ana haki ya kuliuliza.

---

Kijana wa Wiyoni

Na kriketi ya India? Niliona kwa wiki wanawashinda wote.

---

Maalim wa Langoni

Kwa wiki hawawashindi wote, lakini wanapanda sana, kwa sababu IPL, ligi yao ya kriketi, ni miezi miwili tu. Kwa msimu wa 2025 kila timu iliruhusiwa rupia bilioni 1.2 kwa wachezaji wasiozidi 25. Rishabh Pant alinunuliwa kwa rupia milioni 270 kwenye mnada wa Jeddah, Novemba 2024. Bei ya chini ya kuanzia ilikuwa milioni 3. Mara 90, katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Ni mfano mwingine wa yaleyale.

---

Mama wa Shela

Nimesoma tangu mwanzo, na naomba radhi kama natoka kidogo kwenye mada. Mwaka juzi alikuja mtu kwetu, mtanashati, ana karatasi zenye nembo. Akasema mwanangu ana kipaji, kuna majaribio ulaya. Akanionyesha wastani wa mshahara wa ligi ya nchi ile, akanipigia hesabu mbele yangu: mwezi mmoja wa mwanao utarudisha hizi mara kumi. Nilitoa shilingi 150,000. Nyingine zilikuwa za kikundi chetu cha akina mama, bado nazilipa. Mwanangu alifika Nairobi, akakaa wiki tatu kwenye chumba, akarudi. Simu ya yule mtu haikupatikana tena. Mwanangu alikuwa na miaka 16. Namba zile alizonionyesha nimezikuta humu kwa Maalim, kumbe zilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

---

Maalim wa Langoni

Bi mkubwa, pole sana. Hukutoka kwenye mada hata kidogo. Haya uliyoyaeleza ndiyo yaliyonikosesha usingizi, maana na beki wangu ameshapigiwa simu na mtu wa namna hiyo.

Acha niandike kwa wazi, wazazi wote wasome. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Mtoto wa miaka 16 wa Lamu hana njia halali ya kusajiliwa na klabu ya ulaya kwa majaribio. Na wakala wa mpira tangu 2023 lazima awe na leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani. Majina yao yako kwenye mtandao wa FIFA, unatafuta unamwona. Wakala halali anakula asilimia ya kile mchezaji anacholipwa. Anayetaka pesa ya mama kabla ya mkataba hana cha kugawana na mtoto.

Kuna jambo jingine, na hili viongozi wa timu za mtaa nawasihi walishike. Mchezaji akiuzwa kutoka chama cha nchi moja kwenda kingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa malezi, umri wa 12 hadi 15, ni asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16 ni 0.5. Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton 2013, ada iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Mwaka mmoja tu wa kumlea mchezaji wa ada kama hiyo akiwa na miaka 16 ni pauni 62,500, kama shilingi milioni 8 za wakati ule. Timu ngapi za kwetu zingejenga uwanja kwa hizo? Lakini fungu hilo linakwenda kwa klabu iliyomsajili mtoto kwenye shirikisho, jina lake na tarehe zake zikiwa kwenye mfumo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu inayopitisha malipo hayo, na inafuata rekodi ya usajili. Timu isiyoandika, hata kama ilimnunulia mtoto viatu miaka sita, haipo.

Sisi hapa Langoni hatujaandika hata mmoja. Kosa hilo ni langu kama kocha na nimeshalianza kulirekebisha.

---

Nahodha Mstaafu

Maalim, yule kijana wako wa beki ni mjukuu wa ndugu yangu. Nilimwita leo baada ya alasiri. Nimempigia simu huyo wakala mbele yake, nikamwomba namba ya leseni. Akasema atapiga baadaye. Tumekaa hadi magharibi.

Kijana amesoma uzi wote kwenye simu yangu. Ameniuliza kama bado ana nafasi Jumamosi.

---

Maalim wa Langoni

Anayo, Ami. Mwambie aje shule kesho kwanza. Na aje na nakala ya cheti cha kuzaliwa na picha mbili ndogo. Alhamisi naanza kujaza fomu za usajili za timu nzima, na jina lake nataka liwe kwenye karatasi ya kwanza.

Wazazi wengine wa Langoni na Wiyoni, vyeti vya watoto nileteeni nyumbani au mniachie dukani kwa muuza nyavu pale karibu na soko la samaki. Bi mkubwa wa Shela, mwanao bado anacheza? Kama anacheza, mlete naye. Mwaka wake wa 18 bado unahesabika.